Gauni la Kaniki Lililozidi Upana

Cherehani nilifundishwa na fundi mmoja Mwislamu pale Embu mjini, mtu wa maneno mengi, na mke wake akipika pilau hata wateja wanasahau walichokuja kushonewa. Lakini hiyo tuiache. Nasema habari ya Dharura, miaka ya vita vya msituni, Waingereza walipotufungia kijijini huku Kanja, handaki kila upande.

Nyumba zilijengwa haraka, hazina dirisha. Mchana ukiingia ni kama umefumba macho. Ndiyo maana jirani yangu aliniita huko ndani nimpime gauni. Mama wa watoto wawili, bwana yake kizuizini mwaka wa pili.

"Usiwashe taa," akaniambia.

Nikapima kwa mikono, shubiri kwa shubiri. Kifua, sawa. Kufika tumboni mkono ukasimama.

"Pima tu, kasichana."

"Miezi mingapi, mama?"

"Mitano. Mama mkwe akijua, nitalala wapi na watoto?"

Mimba ya nani, sikuuliza. Nina dhana yangu, nitaenda nayo kaburini.

Basi nikamshonea gauni la kaniki, jeusi, marinda mapana yakianzia chini ya matiti, tumbo lipate mahali pa kukaa gizani. Nilijivuna, kusema kweli. Mshono niliurudia mara mbili. Macho niliyoyawaza ni ya mama mkwe tu. Ya homugadi, wenzetu waliopewa bunduki na Mzungu watulinde langoni, sikuyawaza, na wao wakiona nguo pana walijua kazi moja: kuficha chakula cha watu wa msituni.

Asubuhi, langoni, tukienda shamba, jirani akashikwa.

"Mama, hizo ndizi unampelekea nani?" homugadi mmoja akauliza.

"Sina kitu."

"Aa, kumbe ndizi zimejishona zenyewe!" Wenzake wakacheka.

Yule homugadi akavuta gauni lipasuke. Halikupasuka. Mshono wangu, ati. Ikabidi jirani alivue, mbele ya foleni yote, akabaki na shimizi, tumbo likaonekana. Kicheko kikaisha. Mama mkwe alikuwa nyuma yangu, nikisikia anavyopumua. Akachukua jembe lake akapita lango bila kumwangalia.

Jioni nilikuta vyombo vya jirani vimetupwa nje, watoto wamekaa juu ya sufuria. Mama yao akanipa gauni.

"Lipunguze. Sina wa kumficha tumbo tena. Kitakachobaki, nishonee cha kumbebea mtoto."

Nikalipunguza hapo hapo nje, watoto wakinishikia kitambaa. Safari hii sikupima, nikakata vibaya. Halikumkaa.