Mchungaji Mlangoni kwa Ongeri

Habari ilimfikia Mchungaji Alfayo Nyamongo kanisani Kiogoro, akiwa amesimamishwa mbele ya waumini. Mwenyekiti wa wazee ndiyo kwanza alikuwa amesema, "Huyu ndiye atakayeangalia makanisa yetu yote ya Methodisti, kuanzia hapa hadi Nyamira," na akina mama wakaanza vigelegele. Gesare, binti yake, akapita katikati ya mabenchi bila kumwangalia mtu.

"Tata," akasema, "Ongeri ametutoka."

Vigelegele vikakatika. Alfayo akabaki ameshika kofia yake kwa mikono miwili. Kilichomjia kwanza kwa kifo cha mwanawe hakikuwa machozi. Ilikuwa aibu.

Cheo kile kilimstahili. Tangu miaka ya thelathini, alipoacha kuchunga ng'ombe wa baba yake akajifunza kusoma, alikuwa ameizunguka milima ile kwa miguu, baadaye kwa baiskeli aliyoisukuma zaidi ya kuipanda. Watu wa Itumbe walisimulia alivyofukuzwa na mbwa huku akiimba, wala asikose hata ubeti. Lakini alijulikana zaidi kwa wagonjwa. Mgonjwa awe na ukoma, awe na ndui, Alfayo aliinama mlangoni, akaingia, akakaa kitandani, akamwekea mkono kichwani na kuomba.

Ila kwa Abagusii, baba haingii nyumba ya mwanawe aliyeoa. Hiyo ndiyo ensoni, haya iliyo heshima, na asiyekuwa nayo hahesabiwi kuwa mtu. Alfayo aliacha pombe, akaacha matambiko, hilo hakuliacha. Hata Ongeri alipougua kifua kule Nyamarambe, baba yake aliweka kiti uani akaomba kwa sauti kubwa, ili ipenye ukutani.

"Tata, kwani Mungu ana shida ya masikio?" Ongeri aliuliza kutoka ndani, akicheka na kukohoa.

"Nyamaza, tunaomba."

"Basi ingia uniwekee mkono, kama unavyowawekea watu."

Alfayo alikitazama kizingiti. Abigael, mke wa Ongeri, alikuwa ndani, na majirani walikuwa uani wakimtazama yeye.

"Mtoeni hapa nje," akasema.

"Leo sibebeki, tata. Mifupa inauma."

"Basi nitarudi nikitoka Kiogoro. Utakuwa umepata nguvu."

Dada mkubwa wa Alfayo, Nyamusi, asiyeogopa mtu, alimsindikiza hadi njiani. "Umeingia hadi kwa waganga ukawaombea," akamwambia. "Mtoto wako umemwombea kama mtu anayeita ng'ombe ng'ambo ya mto!"

"Ningeingia, dada, wewe ndiye ungekuwa wa kwanza kunicheka."

"Ningecheka, ndiyo. Halafu ningenyamaza."

Maneno hayo alitembea nayo njia nzima kutoka Kiogoro, Gesare akiwa mbele na mkoba wake. Waliokutana nao walimpa pole. Wengine, wasiojua, walimpongeza, naye akawaitikia huku akitazama chini.

Wazee wa kanisa walimfuata Nyamarambe. Walitaka aongoze ibada ya mazishi mwenyewe, ili watu wa jimbo wamwone kiongozi wao.

"Mtafuteni mwingine," Alfayo akasema.

"Mchungaji, watu watasemaje?"

"Wataulizana nilikuwa wapi alipokuwa akiniita. Nami nilikuwa hapo, hatua chache tu. Mambo ya cheo tutaongea baadaye. Leo sina uso wa kuonyesha."

Nyamusi, aliyekuwa akimenya ndizi karibu yao, hakusema neno.

Ongeri alizikwa alasiri, upande wa kulia wa nyumba yake, kama ilivyo desturi kwa mwanamume. Ibada iliongozwa na mchungaji kijana kutoka Nyamira. Abigael alisimama na watoto, Gesare amemshika mkono. Alfayo alikaa nyuma kabisa, pamoja na wazee wasio wa kanisa. Alipoitwa, alikuja, akatupa udongo, akasema, "Kwaheri, Ongeri," akarudi mahali pake. Waumini waliimba. Vijana wakachukua majembe, wakalijaza kaburi.