Tundu la Ndoano kwenye Mdomo wa Sato

Enzi zile kule Kigera, mtoto akitaka kuvua samaki hakwenda dukani. Alichukua jembe la mama bila ruhusa, akaenda nyuma ya bafu ambako maji ya kuogea yalilainisha udongo, akachimbua nyungunyungu na kuwatia kwenye kopo la maziwa. Mshipi ulizungushwa kwenye kijiti. Ndoano ilikuwa moja tu, na ilichomekwa kwenye ukosi wa shati, na kama Mungu yuko upande wako ilikaa hapo bila kukuchoma shingo. Wenzangu mliokulia kwenye mawe ya Musoma mtanishuhudia. Na nyie vijana wa leo, mnaokuja ziwani na sanduku lenye vyumba vingi kuliko nyumba niliyozaliwa, kaeni hapo pembeni. Zamu yenu itafika.

Nyumbani kwetu kulikuwa na sheria ambayo sijaikuta kwa jirani yeyote. Samaki wa kwanza ambaye mtoto anamvua kwa ndoano na kwa mkono wake mwenyewe hakuliwa nyumbani. Alipelekwa Butiama kwa bibi mzaa mama, na bibi akishampokea, mtoto anahamishwa sinia. Furu, kale kasamaki kadogo ka kwenye mawe, hakuhesabiwa, maana furu hata kuku angeweza kumvua. Ilikuwa lazima awe sato, tena wa kujaza kiganja cha baba. Kabla ya hapo, hata uote ndevu, chakula chako kiko kwenye sinia la wadogo.

Sinia la wadogo lilikuwa uwanja wa vita. Nilikuwa na miaka kumi na miwili, sauti imeanza kukwaruza, shuleni napiga ngoma kubwa ya bendi, halafu jioni nakaa chini na mdogo wangu wa mwisho, Mafuru, ambaye hajajua hata kupenga kamasi. Ugali ulimegwa na mikono iliyotoka kuchezea mavi ya mbuzi. Tuligombea mkia. Mama aliukaanga mkia wa samaki mpaka ukawa mkavu wa kulia kwenye meno, na kila aliyeunyooshea mkono alichapwa kiganja na wenzake wote. Mafuru alikuwa na miaka minne, lakini kofi lake lilikuwa la mtu mzima. Kuna siku nilienda kulala na kiganja kimevimba na mkia sikuupata.

Kilichoniumiza zaidi ni dada yangu Nyangeta. Nilimtangulia kuzaliwa kwa miaka miwili, lakini yeye alishapeleka sato wake Butiama mwaka uliopita, akarudi na mtetea mweupe aliyepewa na bibi na kuhamia sinia la mama na shangazi zangu. Kila jioni alinitazama kutoka kule akitafuna taratibu. Afadhali angesema.

Mtu mwenye akili angemwendea dada yake akamwomba amfundishe. Mimi niliamua kwamba shida yangu ni vifaa. Magesa, tuliyekaa naye dawati moja, alikuwa na kaka aliyefanya kazi kwenye boti za kwenda Kisumu, na huyo kaka alimletea samaki wa bati. Alikuwa anang'aa, tumbo jekundu, jicho la kioo, na mkiani ana ndoano tatu zilizopangwa kama maua. Sikulala siku mbili.

"Huyu akichezaga kwenye maji, sato wanapangaga foleni," Magesa aliniambia. "Sangara ndiyo usiseme. Anajileta mwenyewe."

Nilimpa gololi zangu zote, pamoja na ile ya jicho la paka niliyoapa kuzikwa nayo. Nikampa manati, kandambili mpya, na ahadi ya kumbebea fagio na kidumu cha maji kila asubuhi mpaka shule ifungwe. Nilirudi nyumbani peku, nimekumbatia bati langu, nikijiona nimemwibia.

Wiki tatu nilisimama juu ya jiwe refu kuliko yote. Jua lilikuwa mgongoni, kivuli changu kimelala juu ya maji, nami nikilizungusha lile bati juu ya kichwa na kulirusha kwa nguvu zangu zote. Chubwi! Ndege mnandi waliruka mpaka visiwani. Kitu cha kwanza nilichonasa ni shati langu mwenyewe. Cha pili kilikuwa khanga ya mama yake Magesa aliyekuwa akifua pale chini, naye alinikimbiza na sabuni mkononi mpaka barabarani. Cha tatu mbuzi.

Wakati huo wote Nyangeta alikuwa amekaa chini ya jiwe lilelile, kwenye kivuli, anavuta sato mmoja baada ya mwingine bila hata kusimama.

"Kaka, sato hawalagi bati," aliniambia siku moja. "Wanakulaga minyoo na ule uchafu wa kwenye mawe."

"Nyamaza wewe. Ndoano yako ya kizamani."

Hayo aliyasema mtu ambaye hajavua hata furu.

Basi likizo ikaanza, na kutoka Butiama ikaja salamu. Bibi alikuwa anapoteza macho. Aliagiza hivi: "Mwambieni Bwire aniletee samaki wake nikiwa bado ninaona." Baba akasema Jumamosi kuna lori linapita Butiama kuchukua pamba, na mimi niwe tayari na samaki wangu. Aliposema hivyo alinitazama kwa matumaini, na nadhani hayo matumaini ndiyo yaliyoniharibu. Nilimpenda bibi yule kuliko mtu yeyote. Ijumaa mchana nikashuka Mwigobero kwenye mwalo wa kushushia samaki, nikampa mvuvi mmoja samaki wangu wa bati, naye akanipa sato mzima wa kujaza viganja viwili. Kwa hiyo msije mkasema lile bati halikunipatia samaki.

Nyumbani mama alipiga vigelegele. Baba akampima kwa kiganja, akatikisa kichwa kwa fahari. Mafuru aliangua kilio kwamba sasa atamchapa nani. Nyangeta alimwangalia yule samaki, akaniangalia mimi, akaendelea kuchambua mchele. Mama akampaka samaki chumvi, akamfunga kwenye majani ya mgomba, na kesho yake mimi na baba tukawa mbele ya bibi.

Bibi alizaliwa ufukweni Majita kabla ya kuolewa Butiama kwenye mitama na ng'ombe. Alimpakata samaki mapajani, akamfuta uso kwa kidole gumba. Hakumwangalia, alimpapasa. Akaingiza kidole mdomoni mwa samaki, akakizungusha taratibu kulia, akakizungusha kushoto. Kisha mkono ukahamia nyuma ya mashavu, ukasimama hapo.

"Bwire."

"Naam, bibi."

"Ulimvua na nini?"

"Na ndoano, bibi."

"Iliingilia wapi?"

Swali hilo sikuwa nimejiandaa nalo. Nikajibu kwamba ilitoka.

"Najua ilitoka. Nauliza iliingilia wapi. Huyu mdomo wake hauna tundu, na hapa shingoni ana mstari wa wavu. Huyu hakula chambo cha mtu, mjukuu wangu. Huyu alikuwa anapita zake, akakamatwa."

Baba akawa anachunguza paa la nyumba kama fundi aliyeitwa kulikarabati. Nilitegemea fimbo, na ningeishukuru. Bibi alimkabidhi mama mdogo yule samaki, akasema apikwe tu, samaki hana kosa. Halafu akanishika sikio, si kwa kulivuta, akalishika tu, akasema, "Nitakungoja. Lakini usichelewe." Nilienda nyuma ya ghala nikalia mpaka kuku wakanikusanyikia.

Niliporudi Kigera nilimpigia Nyangeta magoti. Aliniweka kwenye kuosha vyombo vyake kwa likizo nzima, na mafunzo yenyewe yakaanza kwa kunikataza kugusa mshipi siku mbili. "Kaa. Angalia." Niangalie nini? Niangalie upepo unasukumia wapi povu. Niangalie kivuli changu kinaangukia wapi. Niangalie jiwe lipi lina ukijani unaoliwa. Siku ya tatu akanipa ndoano ndogo ambayo niliidharau, akaniuliza kama nimewahi kuona mdomo wa sato una ukubwa gani. Nikavalisha mnyoo mpaka ncha ikafichika, mshipi nikaulaza kwenye kidole cha shahada.

"Akigonga mara ya kwanza, anakusalimia," alisema. "Ya pili anakuuliza habari za nyumbani. Ya tatu ndiyo uvute, hapo mmeshaelewana."

Wiki nzima nilikuwa navuta kwenye salamu. Minyoo iliisha nyuma ya bafu, nikahamia kwa jirani. Mpaka asubuhi moja nikasalimiwa, nikaulizwa habari za nyumbani, nikang'ata ulimi, na mara ya tatu nikavuta. Sato akaja juu akipigapiga mkia, mzito, halali, wangu. Nilipiga kelele mpaka Nyangeta akanipiga ngumi ya mgongo kwa kuwafukuza waliobaki.

Bibi alipoingiza kidole mdomoni mwa yule samaki alilikuta tundu, akakiacha kidole humo kwa muda. Machozi yalimtoka. "Haya," alisema, "sasa hata macho yakiisha yaishe tu." Akanipa jogoo ambaye hakuwahi kuwika siku hata moja, nami nikahamia sinia la wakubwa. Huko nilikuta wanazungumzia mvua mpaka ugali unapoa, na mkia unatolewa kwa umri, kwa hiyo mimi nilikuwa wa mwisho. Lakini hayo sikumwambia mtu.

Sasa nije kwenu vijana. Mwanangu Kelvin amekulia Dar es Salaam na anafanya kazi ya kompyuta ambayo ameshanieleza mara tano. Amepata mchumba, binti mzuri mwenye heshima. Bibi alishatangulia mbele za haki, na kazi ya kukagua midomo aliirithi Nyangeta, ambaye sasa yuko Guta, Bunda, na wajukuu wake. Tukampigia simu kumwomba atuongoze kwenda kutoa posa.

"Kelvin ameshavua?" akauliza.

Nikaanza kumweleza habari za ile kazi ya kompyuta.

"Mimi siendagi kuposea mtu wa sinia la wadogo," akasema, akakata simu.

Basi Kelvin akashuka Musoma na sanduku. Nyie! Kulikuwa na samaki wa plastiki wa kila rangi, chura wa mpira, mmoja wa kutikisa kiuno, mmoja aliyepakwa harufu, na mwingine anayewaka taa tumboni. Kijana alikuwa amevaa miwani ya jua, glavu na fulana yenye mifuko kumi na mbili. Alikuwa amesomea uvuvi mtandaoni miezi mitatu, anajua jina la kila plastiki, ila hajui povu linasukumwa wapi. Nilitaka kumwambia achimbe nyungunyungu. Kweli nilitaka. Lakini lile plastiki la taa, Mungu anisamehe, nililiomba nilijaribu mara moja, na jioni tulikuwa bado tunanyang'anyana.

Siku nne tulirusha plastiki juu ya mawe ya Kigera, baba na mwana. Tulinasa fulana yenye mifuko. Siku ya tano mimi, mtu mzima mwenye uzoefu, nikamshika Kelvin mkono tukashuka mwalo. Nilikagua samaki mmoja mmoja shingoni mpaka nikampata asiye na mstari wa wavu. Kisha nikachukua ndoano nikamtoboa mdomo vizuri kabisa, upande wa kulia. Nilijisifu mwenyewe. Kosa la utotoni nilikuwa nimelisahihisha.

Guta, Nyangeta alivaa miwani. Akafungua mdomo wa samaki, akauelekeza kwenye mwanga wa mlango.

"Tundu lipo," akasema.

Kelvin akashusha pumzi.

"Ila halina damu. Huyu mmemtoboa akiwa maiti." Na aliposema "mmemtoboa" hakumtazama Kelvin hata kidogo. Alinitazama mimi.

Hakugomba. Alijifunga khanga kiunoni, akachukua jembe, akaenda nyuma ya bafu. Sanduku likabaki kibarazani, wajukuu wakampa paka chura wa mpira. Pale ziwani alimketisha mwanangu kwenye kivuli, akamnyamazisha, akamwekea mshipi kwenye kidole cha shahada. Nilikaa nyuma yao nikasikia maneno yaleyale, salamu, habari za nyumbani, mmeshaelewana, kwa sauti ileile isipokuwa imezeeka. Jua lilipoanza kushuka, Kelvin alivuta sato wake. Alipiga kelele. Nyangeta akampiga ngumi ya mgongo.

Posa ni mwezi ujao, na yeye ndiye atakayezungumza.

Chakula kilipotengwa jioni, Kelvin aliitwa sinia la wakubwa. Nikaanza kumfuata. Nyangeta akaninyooshea kidole, akakielekeza kwenye kona ambako wajukuu wake wanne walikuwa wamekaa chini na ugali wao.

"Wewe kwenu kule," akasema.

Nikakaa, na magoti yangu haya. Nikanawa. Katikati ya sinia palikuwa na mkia, umekaangwa mpaka umekauka, kama wa mama. Nikatega kiganja kwa makofi, nikaunyooshea mkono polepole ili wapate nafasi. Wale watoto walikuwa wameinamia simu moja, wanatazama katuni, wanamega ugali bila kuangalia. Nikauchukua mkia. Nikaunyanyua juu, nikautikisa kidogo ili wauone. Nikaula wote, na hakuna hata mmoja aliyenichapa.