Wanne kwa Wanne

Fundi cherehani huyu, ambaye watoto wote wa mtaa humwita Shangazi, hana umbo la mwanamichezo, na ukimwambia hivyo atakayeanza kucheka ni yeye. Mfupi, mnene, na mdomo wake haupumziki hata akiwa amebana pini kwa meno. Lakini ujanani alicheza winga, tena winga wa kweli. Mpaka leo mpira ukipita mbele ya kibanda chake, mguu unakanyaga cherehani kwa pupa na mshono unakwenda upande. Mume wake, muuza vipuri vya baiskeli, huwaonya wateja wasilete suti jioni.

Timu ya watoto alipewa kwa sababu hakuna mwingine aliyeitaka. Ilikuwa timu ya kipindi cha kwanza ile! Wanaanza kama moto wa mabua, mapumziko yakipita wote wameshika viuno. Mwenyekiti wa wazazi, mwanajeshi mstaafu ambaye hata mkewe humwita Afande, alikuwa na dawa moja tu: wazunguke uwanja mpaka wakome. Na kweli walikoma. Kila siku ya mazoezi huyu tumbo linamuuma, yule bibi yake mgonjwa. Mjukuu wa Afande mwenyewe, binti mmoja mrefu, alikuwa anajificha chooni.

Shangazi akaamua kujaribu njia yake. Aliwagawa wanne kwa wanne, magoli madogo ya kandambili, hakuna kipa. Mara ya kwanza alichemsha: aliwapa nusu nzima ya uwanja, wakawa wanatembea kama wamekwenda kununua nyanya. Kesho yake, akiwa anapunguza gauni lililompwaya mteja, akacheka peke yake. Jioni akakipunguza na kiwanja. Weee! Sasa mpira ulikuwa haukupi nafasi ya kujikuna. Ukiupoteza unaukimbilia, ukiupata unakimbia usinyang'anywe. Wanacheza dakika chache, wanakunywa maji, wanarudi tena. Jasho linawachuruzika na bado wanagombana nani kafunga. Binti wa chooni akawa wa kwanza kufika.

Afande alipokuja kukagua, alikunja uso.

«Mazoezi yako wapi hapa, fundi? Mbona wanacheza?»

«Wanacheza ndiyo, Afande. Hebu mshike mmoja kifuani, usikie moyo unavyodunda.»

«Mbio za sakafuni huishia ukingoni. Jumamosi tuna mechi na watoto wa mtaa wa juu. Wakikata pumzi kipindi cha pili, timu nampa mtu mwingine.»

Shangazi alimwambia mumewe potelea mbali, timu si mume. Uongo mtupu! Aliipenda ile timu kufa. Alhamisi woga ukamzidi, akawaamuru watoto wazunguke uwanja. Wakazunguka kama waliofiwa. Mjukuu wa Afande akasimama mbele yake.

«Shangazi, tumekukosea nini?»

Maneno yale yalimchoma. «Hamjanikosea kitu, mwanangu. Mimi ndiye nimeogopa. Haya, wanne wanne!»

Jumamosi kipindi cha pili kilipoanza, timu zilikuwa sare, bao moja kwa moja. Wapinzani wakaanza kuinama na kushika magoti, wetu bado wanakimbiza kila kitu. Shangazi alipiga kelele mpaka sauti ikakauka. Lakini mpira ni mpira, bwana. Dakika za mwisho beki wetu akaushika kwa mkono, ikawa penalti, ikaingia. Mechi ikaisha.

Shangazi akajiketia chini hapo hapo kwenye majani. Mumewe akakaa kando yake, kwa mara ya kwanza hana utani. Afande alikuwa anakuja, hatua za gwaride, na Shangazi hakutaka hata kumtazama.

«Umefungwa, fundi.»

«Nimefungwa, Afande. Mpe unayetaka kumpa.»

Kulikuwa na makelele nyuma ya Afande, akageuka. Wapinzani, washindi wenyewe, walikuwa wamelala chali. Pembeni yao watoto wetu walikuwa wameshajigawa, wanagombana mpira uanze upande gani.

«Nyie!» Afande akaita. «Twendeni nyumbani! Hamjachoka?»

«Babu, kidogo tu!» mjukuu wake akajibu, wala hakusimama. Alikuwa ameshapora mpira na anakwenda nao.

Afande akasimama akiwatazama, mikono nyuma. Akakohoa.

«Jumanne mnaanza saa ngapi?»

«Saa kumi na nusu,» Shangazi akasema taratibu.

«Basi usiwacheleweshe.» Akaondoka kwenda kumsubiri mjukuu wake.

Machozi yakamtoka Shangazi, tena si kidogo. Mumewe akamshika bega.

«Jikaze, mke wangu. Kufungwa ni jambo la kawaida.»

«Najua tumefungwa,» Shangazi akasema, anacheka huku kamasi zikimtoka. «Tumefungwa, na timu ni yangu!»