Nilipaka dawa bampa zilizopauka, ikahamia kwenye suruali ya mkurugenzi

Wakuu, habari za mchana.

Juzi mwenzetu mmoja aliuliza humu kama zile dawa za kupaka kwenye plastiki za gari zilizopauka zinafanya kazi kweli. Jibu ninalo, ila ni refu kidogo. Sitii chumvi, yalinipata mwenyewe.

Ni Lubumbashi, enzi za Zaire na chama kimoja. Nilikuwa dereva wa kampuni ya serikali ya shaba. Kazi hiyo ndiyo ilikuwa unga wetu, hospitali yetu na shule ya mtoto wetu Monga. Ukiipoteza, umepoteza vyote siku moja.

Gari nililokabidhiwa lilikuwa zima kabisa. Shida ni bampa zake nene za plastiki nyeusi. Jua lilikuwa limezipiga mpaka zikawa rangi ya majivu.

Basi tukaambiwa mkurugenzi mpya anakuja kutoka Kinshasa, nikampokee uwanja wa ndege wa Luano. Wafanyakazi wote watajipanga mistari kwenye uwanja wa kampuni, mbele ya jukwaa atakalohutubia, na kikundi cha nyimbo na ngoma kitakuwepo. Mnaojua miaka ile mnajua mapokezi yalivyokuwa.

Nikaona aibu kumbeba mkubwa na bampa za majivu.

Pale Katuba, nilikokuwa naishi, kulikuwa na mfanyabiashara tukimwita Yaya Saidi. Yaya kwetu ni kaka mkubwa. Wazee wake walitoka Maniema, na yeye aliuza vitu vya magari vilivyotoka Zambia. Akachovya kitambaa kwenye kichupa, akapangusa nusu ya bampa. Wakuu, nusu nyeusi tii, nusu majivu! Kama magari mawili yaliyounganishwa.

Akaniambia, "Kwanza sabuni na brosi. Ikauke muzuri. Unapaka kidogo tu, unapanguza yenye kubakia, unaacha mpaka kesho."

Mimi nilisikia neno "unapaka" tu.

Asubuhi ya safari nikamwagia bampa maji, nikapaka mara tatu, nzito, bila kupangusa. Ziling'aa mpaka mlinzi wa getini akanipigia saluti.

Mkurugenzi alishuka kwenye ndege akiwa mrefu, mwembamba, amevaa abacost ya rangi ya maziwa, ile suti ya wakati wetu isiyo na tai. Alinisalimia kwa mkono. Nilipokwenda kuchukua sanduku lake, yeye akakaa kidogo kwenye bampa ya mbele afunge kamba ya kiatu.

Niliporudi akawa ananipa mgongo, anafungua mlango. Nyuma ya suruali kulikuwa na mkanda mweusi, mpana kama kiganja changu.

Nikapakia sanduku, nikawasha gari, tukaondoka kuelekea kwenye mapokezi.

Nasema ukweli wangu: nilifikiria kunyamaza. Angeweza kudhani amechafuka ndani ya ndege. Nani angenishuku? Lakini kichwani nikaliona jukwaa. Nikamwona anapanda ngazi, mgongo kwa watu wote, na kicheko kinaanza mstari wa nyuma. Mtu aliyenipa mkono wake.

Nikasimamisha gari kando ya barabara.

"Iko nini, citoyen?" akauliza. Citoyen ndivyo tulivyoitana wote wakati ule.

"Citoyen Directeur, patalo yenu imechafuka nyuma. Ni mimi. Nilipaka dawa kwa bampa, haikukauka." Patalo kwetu ni suruali.

Akashuka, akajigeuza mbele ya kioo cha gari, akaona. Mimi nilikuwa nimeshaanza kupanga namna ya kumweleza mke wangu.

"Sanduku yenye nguo inakuya na ndege ya kesho," akasema. "Mu hii muko makaratasi tu. Kwako ni mbali?"

"Ni Katuba. Tutachelewa."

"Tuchelewe."

Mke wangu, Mama Monga, alikuwa anafua uani. Nikamweleza kwa maneno matatu. Hakunigombeza hata. Alimpigia mgeni goti, kisha akasema, "Citoyen Directeur, munisamehe, lakini hiyo patalo mutaitoa."

Wakuu, mkurugenzi wa kampuni ya shaba alikaa kwenye kiti changu amejifunga kitenge cha mke wangu, anakunywa chai na kumuuliza Monga anasoma darasa gani. Nje, Mama Monga alisugua kwa sabuni, kisha kwa mafuta ya taa. Doa likazidi kutanuka.

Akaingia ndani, akafungua sanduku letu, akatoa suruali yangu nyeusi ya harusi. Mkurugenzi alipoivaa, ilimwishia juu ya kifundo cha mguu, soksi zote nje.

Mke wangu akaanza kulia. Yule baba akamwambia, "Mama, usilie. Mama yangu aliuzaka samaki kule Kasenga. Nilisoma na nguo yenye mafuta ya samaki, batoto banacheka. Hakuna mwenye alinipatiaka patalo ingine."

Tulifika watu wameshachoka kuimba. Alipanda jukwaani na soksi zake nje, akasema, "Nimechelewa. Kosa ni ya mimi, haiko ya dereva." Kisha akaendelea na hotuba. Sikuitwa ofisini, si siku ile wala baadaye.

Sasa jibu la swali.

Dawa inafanya kazi, kwa muda. Nilizisugua bampa zote upya, zikakauka, nikapaka kidogo kama Yaya Saidi alivyosema, nikapangusa, gari likalala. Zilibaki nyeusi kiangazi chote bila kuchafua mtu. Mvua za kwanza zilipopiga, majivu yakaanza kurudi. Plastiki iliyoungua na jua haiponi, unaifunika tu.

Somo langu lakini haliko kwenye bampa. Ukimchafua mtu, mwambie akiwa bado garini, kabla hajapanda mbele za watu. Nilidhani nikisema nimekwisha, kumbe nilikuwa nampa nafasi ya kuwa mwema.

Mwenye dawa inayovumilia mvua aitaje hapa chini. Na wewe uliyewahi kumharibia mkubwa wako jambo, ulisema au ulinyamaza? Tusimulie, na aliyenyamaza asiogope. Mimi mwenyewe nilibakiza kidogo tu ninyamaze.