Mwanasesere wa Nakiru

Sisi tuliokulia Lodwar miaka ya sabini, watoto wa makarani na walimu waliotoka Kakamega, Meru na kwingineko, tulirithiana wanasesere kwa uhamisho. Baba wa mtu akipata barua ya kwenda kwingine, lori linapakiwa vitanda na kuku, na mwanasesere anaachiwa rafiki kwa kuwa sanduku limejaa. Hivyo ndivyo nilivyowapata wangu wanne, wa plastiki, viuno vyembamba, visigino juu siku zote, wakingoja viatu vilivyopotea kabla sijawajua. Mmoja hakuwa na mkono. Mwingine jua lilimlainisha shingo, akawa anatazama pembeni kama mwenye maringo.

Kuwavisha ndiyo ilikuwa kazi. Jumamosi mimi na rafiki yangu Akal, Mturkana wa mtaa wa Kanamkemer, tulitambaa chini ya cherehani ya fundi kwenye baraza la duka, tukiokota vipande vya vitambaa. Fundi alituita kuku wake. Sindano ilikuwa ya Mama, moja tu nyumba nzima. "Sindano ikilala nje, na wewe utalala nje," alikuwa akisema. Tulishona sketi, suruali za bugaluu zenye miguu mipana, na magauni yenye pindo jembamba, na upepo ukivuma mchanga uliingia hadi kwenye mishono. Wajukuu wangu leo huwavisha wanasesere kwa kidole kwenye simu. Gauni linakaa lenyewe, na hakuna aliyewahi kujidunga. Wakiniona natia uzi kwenye tundu la sindano wanadhani nafanya mazingaombwe.

Likizo moja ya Agosti, Baba alipelekwa kikazi Kakuma kwa wiki tatu, akatuchukua. Akal alikuja nasi, maana dada yake, Nakiru, alikuwa ameolewa huko. Nilikuwa na miaka tisa. Nakiru alikuwa mrefu, shingo imejaa shanga hadi kidevuni, na juu ya shanga hizo alining'iniza mwanasesere: kokwa la tunda la mti wa mkoma lililofungwa kijisketi cha ngozi, likapakwa mafuta na udongo mwekundu, likazungushiwa shanga. Nilishangaa mtu mzima kutembea na mwanasesere. Akal akaninong'oneza kwamba dada yake ana miaka mitatu kwenye ndoa na hajapata mtoto, na huyo ndiye anayemwita mtoto aje.

Nilisikia, lakini sikuelewa. Asubuhi moja Nakiru alikuwa anakwenda kuchimba maji kwenye mto mkavu. Akamvua mwanasesere wake, akaniwekea mikononi. "Shika mtoto yangu," akasema. "Usiweke chini."

Sikumweka chini hata kidogo. Nilimhurumia tu kwa ile ngozi. Nilikuwa na gauni jipya la satini ya buluu, kazi yangu bora kuliko zote, nikaona huyu ndiye anayelistahili. Nikachukua makasi, nikakata kamba. Shanga zikamwagika mchangani.

Akal aliweka mkono mdomoni. "Rose, hiyo shanga ni ya wamama," akasema. Kila ushanga ulitoka shingoni mwa mwanamke aliyewahi kuzaa: mama yao, shangazi zao, mama mkwe wa Nakiru. Nikauliza kama sasa Nakiru hatapata mtoto. Akal alikuwa ameshapiga magoti anatafuta.

Nakiru alirudi na maji kichwani. Akamtazama mtoto wake aliyevaa satini. Hakufoka. Aliyatua maji, akakaa mchangani, akaanza kuokota. Mama mkwe wake akaja, kisha jirani, kisha wengine, hadi wanawake kama kumi wakawa wamepiga magoti wakichekecha mchanga kwa vidole, na jua linapanda. Hakuna aliyenigusa. Afadhali wangenichapa. Tangu siku hiyo, si kanisani wala penginepo, sijaona tena watu wakitafuta kitu kwa heshima namna ile.

Mama alipokuja akaambiwa, nilijua nitapata kofi. Badala yake naye alipiga magoti na gauni lake la Jumapili. Shanga zilipotungwa tena, kamba ilibaki na pengo. Mama mkwe akamgeukia Mama.

"Wewe nazaa ngapi?"

"Watano."

"Yote iko hai?"

"Wote, kwa neema ya Mungu."

"Basi leta yako."

Mama hakuwa na ushanga wowote. Akatazama kifuani kwake, akang'oa kifungo cha juu cha gauni, akampa. Kikatungwa pamoja na shanga, cheupe, na hakuna aliyecheka. Nakiru akamvaa mwanasesere wake, akanigusa kichwani kidogo, akaenda kunywesha mbuzi. Njia nzima Mama alitembea mkono mmoja umeshika gauni lisifunguke.

Tuliporudi Lodwar sikuweza kushona. Nikishika makasi tu naona mchanga ule. Ikapita zaidi ya mwaka. Ndipo siku moja Akal akaja nyumbani anakimbia na bahasha aliyopewa na dereva wa lori la Kakuma. Ndani hamkuwa na barua, maana Nakiru hakujua kuandika. Mlikuwa na uzi mmoja mweusi. Maneno alikuwa ameyabeba dereva, na Akal akanipa kama alivyoyapokea. "Hiyo ni urefu ya mtoto. Ni msichana. Nakiru anasema wewe shona nguo."

Siku hizi picha ya mtoto inafika kwenye simu kabla mwenyewe hajaoshwa. Wajukuu wangu wanaitazama, wanaweka alama ya moyo, wanaendelea na mambo yao. Siwalaumu, wameona nyingi mno. Mimi niliunyoosha ule uzi mezani polepole, ncha hadi ncha, kisha nikauweka kando ya mkono wangu. Ulianzia begani ukaishia kwenye vidole. Nikakaa nao hapo, mpaka Mama akaja kuniuliza ninalia nini.