Fundo la Ng'ombe

Siku ya kwanza kiwandani hapa Eldoret nilipewa ufagio. Nilikuwa nimetoka kijijini Ziwa, mikono imezoea ng'ombe, nikawekwa kufagia vumbi la pamba chini ya mitambo ya kufuma vitambaa. Kelele ilikuwa nyingi hata tuliongea kwa kusomana midomo na kwa vidole tu.

Sisi wa ufagio tulikuwa vibarua, waliosimamia mitambo walikuwa mafundi. Tuliingia pamoja na kutoka pamoja, lakini mwisho wa mwezi kwenye dirisha la mshahara kulikuwa na laini mbili. Wa laini ya mafundi walitoka wakipanga kujenga, sisi tukitoka tukipanga kukopa. Iliniuma sana, maana binti yangu Chebet alikuwa amerudishwa nyumbani kwa sababu ya karo.

Nikamwendea Supavaiza.

"Mama Chebet, hapa mshahara hauongezwi kwa huruma," akasema. "Uzi ukikatika, fundi anaufunga haraka na mtambo unaendelea. Wewe unaweza?"

Nikasema naweza. Ala, mtu amefunga ndama tangu utotoni, ashindwe na uzi? Nikaufunga vile tunafunga ndama, fundo nene la kushika kweli. Lilipofika kwenye kitana, yale meno ya chuma ambayo nyuzi hupitia, likakwama na kukata nyuzi za jirani. Kitambaa kikaharibika. Supavaiza akanirudishia ufagio, na vibarua wenzangu wakanibandika jina: Fundo la Ng'ombe.

Mama Njoki, fundi wa mtambo wa karibu, hakucheka. Saa ya chakula tulikula githeri yake, akanionyesha fundo la wafumaji, dogo na bapa, linalopita kwenye kitana bila kukwama.

"Wewe unakaza kama unapigana," akaniambia. "Tuliza vidole."

Nilijizoeza kwa nyuzi za takataka, hata kanisani, mkono ukiwa mfukoni. Supavaiza aliponijaribu tena, fundo lilipita. Alikigeuza kitambaa, akakitazama upande wa pili.

"Kesho ufagio mwachie mwingine."

Mwisho wa mwezi, kwa mazoea, nikapanga laini ya vibarua. Wenzangu wakanisukuma nje.

"Fundo la Ng'ombe, toka hapa. Laini yako ni ile."

Nililia mbele ya watu. Jumatatu Chebet akarudi shule.

Sasa nimestaafu, na vijana huniuliza kama ile tofauti ya mishahara ilikuwa ya haki. Ufundi ulipwe, sikatai. Lakini kibarua naye ana watoto, na alilipwa kidogo mno. Hilo sitalisifu kamwe. Nilichoweza ni kukaa saa ya chakula na yeyote aliyetaka kujifunza lile fundo. Siku yangu ya mwisho kwenye laini ya mafundi niligeuka nyuma, na waliokuwa wamesimama hapo ni walewale walionisukuma.