Sista Notburga Awekwa Rehani

Watu wa Ruhuwiko, hapa Songea, wanamjua Notburga kama mama mkavu asiyecheka ovyo, anayemwagilia mchicha wake asubuhi na kufokea kuku wa jirani. Mimi namjua kwa jambo jingine. Nilimwona akitetemeka kwa hofu, na tangu siku hiyo sijaona mtu jasiri kumpita yeye. Naitwa Bashiru, mzaliwa wa Tunduru, kazi yangu udereva.

Notburga alikuwa muuguzi miaka mingi kabla ya kupata nafasi ya chuo kikuu, ukubwani, watoto wawili kawaacha kwa mama yake. Mwaka wa tisini na sita alirudi Songea kufanya utafiti wake wa mwisho: wajawazito wa vijijini wamepungukiwa damu kiasi gani. Bila utafiti huo, digrii hapati. Gari walikodi kwa kuchangiana na Leonce, kijana wa chuo hicho hicho aliyesomea biashara. Yeye alitaka kujua wakulima wa tumbaku wanaishije na wanunuzi binafsi tangu soko lifunguliwe. Nami nikakodiwa pamoja na Landrova yangu kuukuu, ambayo mlango wake mmoja ulifungwa kwa kamba.

Kijiji chenyewe kilikuwa mbele ya Namtumbo. Notburga alikaa kwenye baraza la ofisi ya kijiji, akina mama wakapanga foleni. Anavuta kope la chini, anatazama wekundu wake, anatoboa kidole, anakinga matone machache kwenye kichupa, anabandika namba, anaweka kwenye kisanduku cha barafu. Halafu anasema, "Mama, damu yako nzuri." Au, "Yako hafifu, chukua vidonge hivi vya kuongeza damu. Nitarudi kukuona."

Aliniomba anitoboe mimi kwanza, ili akina mama waone haiumi. Nilikataa katakata. Sindano naiogopa kuliko simba, na sisi watu wa Tunduru simba tunawajua.

Siku moja mchana Leonce alirudi kutoka kwenye mabani ya kukaushia tumbaku, uso umembadilika.

"Dada, tumekwisha," alimwambia Notburga. "Unajua mnunuzi wa tumbaku anafanyaje hapa? Anatanguliza mbolea. Baadaye anakuja kuchukua kidogo cha kupimia, anapanga madaraja, hii nzuri, hii hafifu, anaandika namba, anaaga kwamba atarudi. Kisha linakuja lori kubeba yote."

"Sasa?"

"Sasa wewe umetoa vidonge. Umechukua kidogo. Umepanga madaraja. Umesema utarudi. Wanangoja lori, dada."

Nilianza kucheka, kicheko kikanikauka mdomoni. Foleni haikuwepo tena. Hakubaki hata mwanamke mmoja uwanjani, na wanaume walikuwa wamesimama kulizunguka gari langu wakiwa na mapanga, ilhali msimu wenyewe ulikuwa wa palizi, kazi ya jembe. Nisingeweza kuwaita wajinga. Miaka ile tuliona vitu vingi vikiuzwa ambavyo hatukudhani vina bei, kwa nini damu isiwemo?

Leonce aliazima baiskeli, akasema anakwenda kutafuta msaada Namtumbo. Hatukumwona tena mpaka Songea. Simsemi vibaya, maana kama pangekuwa na baiskeli ya pili ningemfuata.

Nasi tungeondoka, nadhani, kama si Lidwina. Lidwina alikuwa binti mdogo, mimba yake ya kwanza, na ndani ya kope lake palikuwa peupe kama unga. Notburga alikuwa amemkataza kujifungulia nyumbani. Mchana ule ule uchungu ukamwanza, yuko kwa mama mkwe wake, Bibi Skolastika. Notburga akaenda pale mlangoni kwa miguu yake, katikati ya wale wanaume, nami nyuma yake nikisoma kila dua niliyofundishwa madrasa.

"Shikamoo, bibi. Mtoto huyu apelekwe Songea sasa hivi, akaongezwe damu. Akijifungulia hapa, atakufa."

"Mtu wetu hapandi gari hilo," akajibu mwenyekiti wa kijiji.

Notburga alibadilisha lugha, akawasihi kwa Kingoni. Niliona kitenge chake kinavyotikisika magotini. Mwishowe Bibi Skolastika akainua mkono, wakanyamaza.

"Mwaka jana lori lilibeba marobota yetu ya tumbaku," alisema. "Mnunuzi akasema narudi. Mpaka leo. Tangu hapo tuna utaratibu wetu: mali ikitoka, mtu wa mnunuzi anabaki. Lidwina ataenda na mume wake. Wewe utabaki hapa kwangu. Akirudi, utaondoka. Asiporudi..."

Mwanamume mmoja alihamisha panga lake kutoka mkono wa kushoto kwenda wa kulia.

"Nakubali," alisema Notburga. "Atarudi."

Tulipokuwa tunampakia Lidwina nilimnong'oneza, "Sista, kweli atarudi?"

"Endesha gari, kaka Bashiru."

Sijawahi kuendesha hivyo. Saimon, mume wake, alimpakata kule nyuma. Mvua ilikuwa imeharibu barabara, na kabla hata hatujafika njia panda ya Hanga tulishanasa kwenye tope. Lidwina akilia, naogopa. Akinyamaza, naogopa zaidi, namwona Notburga ameketi peke yake kati ya mapanga yale.

Hospitali walisema ndugu watoe damu upesi. Walimpima Saimon, ya kwake haikulingana. Saimon akanigeukia. Nikapimwa, yangu ikalingana. Wallahi, nililala kile kitanda cha kutolea damu nimefumba macho, nikawa nasoma Yasini, napotea, naanza upya.

Lidwina alijifungua mtoto wa kike. Alipopata nguvu ya kuketi, daktari akaturuhusu, tukarudi kijijini.

Notburga alikuwa mlangoni kwa Bibi Skolastika akipukuchua mahindi, amekonda, midomo imekauka. Alituona, akaacha kupukuchua, akamkodolea macho Lidwina. Bibi alikwenda moja kwa moja kwa Lidwina, akamvuta kope la chini kama alivyowaona wenzake wakivutwa, akatazama. Akahamia jicho la pili.

"Imerudi nyingi kuliko iliyoondoka," alisema. "Wameitoa wapi?"

Saimon akaninyooshea kidole. Nikakunja mkono wa shati, plasta bado ipo. Bibi akanishika mkono akautazama.

"Basi mtoto huyu ana wajomba Tunduru," alisema, na watu wakaanza kucheka, mapanga yakashushwa.

Jioni ile ile akina mama walirudi kwenye foleni. Notburga alimaliza kazi yake.

Njiani kurudi nilitaka kumchangamsha. "Sista, wewe mwamba. Mwenzio nilikuwa nakufa kwa hofu, kumbe wewe ulijua atarudi."

"Nilijua hatarudi," alisema, macho yapo barabarani. "Wenye damu kama ile niliowapokea wodini, hakupona hata mmoja."

Nikasimamisha gari pembeni. "Sasa mbona ulikubali kubaki?"

"Ningekataa, wasingemruhusu apande."